Eko ya moyo wa mtoto: yanayosemwa na ukweli wenyewe

Eko ni picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti.

“Daktari amesikiza kifua, hakuna mvumo (sauti ya ziada ya moyo), moyo ni mzima.” Sivyo. Mtoto ambaye aota (mshipa mkubwa unaopeleka damu mwilini) na mshipa unaopeleka damu mapafuni vimebadilishana nafasi anaweza kuzaliwa kifua kikiwa kimya kabisa, na ubuluu wake usionekane kwenye ngozi nyeusi. Tazama ulimi na ufizi. Kisha pima oksijeni mkono wa kulia na mguu mmoja: chini ya asilimia 90 popote ni dharura; tofauti ya zaidi ya 3, rudia baada ya saa moja. (Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya bahari, kwa hiyo si ajabu vipimo vya huko kuwa chini kidogo ya vya Kisumu, ulio mji wa chini zaidi.)

“Eko ilishafanywa, ikatoka kawaida.” Swali ni, ilitazama nini? Tundu kati ya vyumba vya chini huonekana upesi. Kasoro adimu hutaka kutafutwa. Chukua mishipa minne inayotoa damu mapafuni, pale isiporudi chumba cha juu cha kushoto: mtoto anahema mbiombio, anatibiwa nimonia, anarudi tena wodini na nimonia ileile. Mpimaji aliyeridhika na vali (milango ya moyo) ataipita kasoro hiyo. Ila dalili zipo: upande wa kulia umepanuka, chumba cha juu cha kushoto ni kidogo, na rangi za dopla (sehemu ya eko inayoonyesha damu inakoelekea) zinaonyesha damu ikivuka kutoka kulia kwenda kushoto. Ukiyaona hayo, usiinue mkono mpaka ujue kila mshipa kati ya ile minne unamwaga wapi.

Ukipima, anza chini ya kidari, ujue ini liko upande gani, kisha ifuate damu: mishipa inayoingia, vyumba, vali, mishipa inayotoka. Tao la aota hutazamwa kutoka kishimo cha shingo, juu ya kidari, na wengi huliruka kwa kuwa mtoto hulia akiinamishwa kichwa nyuma. Anyonye kwanza, na sehemu hiyo iwe ya mwisho.

“Probu (kifaa cha mkononi kinachogusishwa kifuani) ni probu.” Ya mtu mzima, megahezi 2 hadi 4, hupenya mbali lakini mishipa ya kichanga hugeuka ukungu. Tumia ya 8 hadi 12.

“Eko ya mimba inaunguza mtoto tumboni.” Ni mawimbi ya sauti, si mionzi. Wiki ya 18 hadi 22 ya mimba ndiyo nzuri kuifanya. Lakini mapafu ya mtoto tumboni hupata damu kidogo, hivyo mishipa yake huonekana kwa shida: eko safi ya mimba haifuti ya kichanga anayehema vibaya.