Wivu, sanamu na wadudu wa ziwani: dhana potofu kuhusu kuigiza The Winter's Tale

Tamthilia hii ya Shakespeare husemwa ni ngumu kuigiza. Ugumu wake mwingi huletwa na vikorombwezo vya waongozaji.

Dhana potofu: lazima watazamaji waone sababu ya mfalme Leontes kumshuku mkewe, Hermione, na rafiki yake Polixenes.

Ukweli: Hermione anampa Polixenes mkono baada ya mfalme mwenyewe kumtuma ambembeleze mgeni abaki. Basi. Waigizaji wakiongeza kukonyezana, watu watakuwa upande wa mfalme na kesi anayomshtakia mkewe katika Tendo la 3 itakufa. Mwanza tuna bahati: watu hushikana mikono kuanzia "mwangaluka", salamu ya Kisukuma, mpaka habari za watoto ziishe, wala hakuna anayeshtuka. Washikane hivyo hivyo. Leontes asimame karibu na watazamaji, aone ubaya peke yake.

Kuna wanaotaka dubu anayemla Antigonus, mmoja wa wakuu wa ikulu ya Leontes, awe mamba, eti wa ziwani wamwelewe. Mamba huburuta mtu majini. Antigonus analiwa nchi kavu, na mwana wa mchungaji anasimulia bega lilivyonyofolewa. Kivuli cha dubu kwenye shuka, sekunde tano, kinatosha.

Dhana potofu: sanamu ya Hermione, anayedhaniwa amekufa kisha mwishoni anasimama kama sanamu, ni kazi ya vipodozi.

Ukweli: ni kazi ya magoti na taa. Pazia likishafunguliwa, atasimama kama dakika tano. Magoti yakikazwa, damu hutuama miguuni na mtu huanguka kweli. Nyayo ziachane kidogo, magoti yalegee, mgongo uegemee nguzo iliyofichwa na vazi, vidole vya miguu vichezeshwe ndani ya viatu. Apepese macho Paulina, bibi anayeionyesha sanamu, anapozungumza, maana wote wanamtazama Paulina. Kwenye uwanja wa wazi, upepo hupeperusha "jiwe": shona chubwi za nyavu kwenye pindo. Taa nyeupe huita wadudu wa ziwani, na mmoja akiingia puani sanamu imekwisha. Jukwaani tumia taa za njano. Ile nyeupe kali ifungwe mita 20 pembeni, upande wa ziwa, iwashwe mapema iwavute huko.

Dhana potofu: mwishoni Hermione anatamka msamaha.

Ukweli: hamwambii mumewe neno lolote. Anamkumbatia, kisha maneno yake yote ni kwa miungu na kwa Perdita, binti aliyepotea miaka 16. Mamillius, mwana wao, amekufa, harudi. Kwa hiyo usichomeke "nimekusamehe". Hermione ashushe mikono kabla ya Leontes. Perdita apige magoti mbali kidogo, ili mama amwache mume hatua tatu nyuma.