Baba, ruhusa itoe mapema

Mimi ni mkunga, wajawazito wa vijijini ndo kazi yangu. Watu wakisikia kuwashirikisha wanaume wanadhani ni baba kuja kliniki, akae kwenye benchi, apime HIV, basi kamaliza. Ni vizuri aje, lakini mimi nikimpata huwa namuuliza hivi: mkeo akianza kutoka damu saa nane usiku, wewe uko safari na simu haipatikani, nani anaamua aende hospitali?

Wengi wananyamaza. Mwingine anajibu "mama yangu yupo", haya, na huyo mama ana hela ya usafiri? Kuna kuchelewa kwa aina tatu kunakoua wajawazito: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Huko kwa tatu ni kwetu sisi wahudumu, siwatupii kina baba. Ila kule kwa kwanza kupo nyumbani, na damu ya baada ya kujifungua haingoji kikao cha ukoo, mama anaweza kufa ndani ya masaa machache tu.

Kwa hiyo ruhusa itoke mimba ikiwa bado changa, tena mbele ya mama mkwe na mashemeji wasikie: akiona dalili za hatari aende, asinisubiri. Hela iwekwe mahali mke anapajua na anaweza kuichukua mwenyewe, mwenye pikipiki au gari aambiwe mapema, na watafutwe ndugu wa kuchangia damu. Dalili zenyewe baba azijue pia, kichwa kinauma sana, macho yanaona maluweluwe, uso umevimba, hicho kinaweza kuwa kifafa cha mimba kinakuja, na kinaweza kutokea hata akishajifungua. Halafu hii ya "mbona watano wa mwanzo kawazalia nyumbani"... jamani, uzazi wa tano kwenda mbele ndo hatari ya kutoka damu inapanda!

Sasa na sisi wa kliniki. WHO ilipopendekeza mwaka 2015 wanaume washirikishwe, iliweka sharti kwamba uamuzi wa mwanamke uheshimiwe. Kumrudisha mjamzito nyumbani eti hajaja na mume sio kushirikisha, ni kumfukuza, maana kuna aliyeachwa, mjane, na anayepigwa, na wengine wanaishia kumkodi mwanaume yeyote asimame kama mume. Mpokee kwanza, mambo ya mume muulize mkiwa wawili, na akisema hataki aje, muache.