Figo ya nguruwe na kinga ya nyani

Binamu yangu hufuga nguruwe Limuru. Tangu asikie kwamba Januari 2022, huko Baltimore, Marekani, mtu aliwekewa moyo wa nguruwe, kila akinipigia simu hapa Nairobi swali ni lilelile: "Daktari, figo za hawa wangu zitanunuliwa lini?" Namwambia hao wake bado ni wa kuchoma tu.

Viungo vya nguruwe hujaribiwa kwanza ndani ya nyani kabla ya watu, na kikwazo cha kwanza ni sukari. Seli za nguruwe zimefunikwa na sukari iitwayo alfa-gali. Sisi na nyani hatuna, ila bakteria wa utumboni wanayo, kwa hiyo tangu utotoni damu yetu imejaa kingamwili, yaani protini za kinga, zinazoichukia. Figo ya nguruwe wa kawaida ikiunganishwa na mishipa ya nyani hufa ndani ya dakika au saa chache. Jeni inayoitengeneza sukari hiyo ikazimwa mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Kingamwili zilipotulia, seli zenyewe za kinga zikajitokeza. Ninayoipenda mimi ni makrofaji, seli mlafi kweli kweli inayomeza wageni mwilini. Kabla ya kumeza, hudai kitambulisho kama askari wa langoni pale mjini: protini iitwayo CD47. Nguruwe anacho chake, lakini makrofaji yetu haikisomi sawasawa, basi inameza. Ndiyo maana nguruwe wa siku hizi hupewa jeni ya CD47 ya binadamu.

Seli T, aina nyingine ya seli za kinga, ni kaidi zaidi. Hizo lakini huhitaji ishara mbili. Ni kama kutuma pesa kwa simu, namba ya mpokeaji pekee haitoshi bila namba ya siri. Wataalamu waliziba CD40, protini inayosaidia kuziamsha, na moyo wa nguruwe ukadumu siku 945 ndani ya nyani. Tahadhari hapo: ulikuwa umepachikwa tumboni, na nyani aliishi kwa moyo wake mwenyewe. Mioyo iliyobeba kazi yote, ile ya Munich, Ujerumani, iliyotangazwa 2018, ilifika siku 195. Kwangu hiyo ya pili ndiyo kubwa.

Kinachonikera ni kwamba nyani si mtu. Kuna sukari nyingine, Neu5Gc: nguruwe anayo, nyani anayo, sisi hatuna. Ukiizima kwa faida yetu, seli ya nguruwe hufichua kitu kingine ambacho kingamwili za nyani hukishambulia. Kwa hiyo nguruwe anayetufaa sisi anaweza kushindwa vibaya kwa nyani, na ukimtazama nyani peke yake utamtupa nguruwe mzuri. Nguruwe wa Baltimore alibadilishwa jeni 10, na ya sukari hii ikiwa mojawapo ya zilizozimwa.

Nilipomweleza binamu haya alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama nguruwe wa jeni 10 hula chakula kilekile cha Limuru. Nikamwambia hao hulelewa ndani, hata hewa yao huchujwa.

"Basi hao wanaishi vizuri kuliko mimi," akasema, akakata simu.