DJ wa house si mbonyeza vitufe tu
Katika kumbi za Dodoma, hasa msimu wa harusi, husemwa kwamba DJ wa house (muziki wa kielektroniki wa kuchezwa klabuni) hucheza tu kazi za wenzake. Si kweli. Frankie Knuckles, DJ Mmarekani wa house aliyeanza kupiga muziki katika klabu ya Warehouse mjini Chicago mwaka 1977, alikuwa akikata na kuunga upya kanda za nyimbo ili mdundo urefuke, na ni ufundi wa kusuka upya nyimbo uliompa tuzo ya Grammy mwaka 1998. Leo mtayarishaji wa house, ambaye mara nyingi ni DJ mwenyewe, hutumia kompyuta: huweka ngoma nzito katika kila pigo, kwa kasi ya takriban mapigo 120 hadi 130 kwa dakika, kisha huacha mwanzo na mwisho wa wimbo bila sauti ya mwimbaji (sehemu ambayo wageni wengi huiona ndefu bure) ili DJ apate pa kuunganishia wimbo unaofuata.