Nukta na Mistari si Jando la Redio

Kijana akija kwangu hapa Ujiji kutaka kujifunza redio ya ridhaa, yaani kuwasiliana na watu kwa redio kwa kupenda tu na si kwa biashara, swali lake la kwanza huwa hilohilo: "Fundi, lazima nijue Morse?" Morse ni ile lugha ya milio mifupi (nukta) na mirefu (mistari) inayosimama badala ya herufi. Namjibu kwamba kanuni za kimataifa hazilazimishi tena. Jirani yangu, mzee aliyestaafu reli, akinisikia hutikisa kichwa. Kwake yeye mtihani wa Morse ulikuwa jando, na asiyepita hapo hajawa mtu wa redio. Tumebishana barazani miaka mingi. Namheshimu sana mzee wangu, lakini katika hili niko pamoja na waliouondoa.

Mtihani ule haukuwekwa ili kupima uvumilivu wa mtu. Enzi hizo meli ziliongea kwa Morse, na wito wa kuomba msaada ulipita kwenye masafa ya kHz 500, ambako kila nusu saa vituo vilinyamaza dakika tatu ili anayezama asikike. Mtu wa ridhaa ambaye mtambo wake umetoka nje ya masafa yake angeweza kuifunika sauti hiyo, na kama hajui Morse, hata akiamriwa anyamaze asingeelewa. Sababu ilikuwa nzito kweli. Lakini tarehe 1 Februari 1999 mfumo mpya wa usalama baharini, wenye setilaiti na redio za kidijitali, ulianza kutumika kikamilifu, na meli zikaachana na nukta. Mwaka 2003 mkutano wa ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, mjini Geneva ukaondoa sharti la Morse lililowabana wanaotaka masafa ya chini ya MHz 30, kila nchi ikaachiwa iamue yenyewe. Uingereza na Uswisi zilifuta mtihani Julai mwaka uleule. Marekani ilifuata Februari 2007.

Kinachoniuma zaidi ni jinsi mtihani ulivyoharibu ufundishaji. Kiwango cha chini Marekani kilikuwa maneno 5 kwa dakika. Neno la kupimia ni PARIS, ambalo pamoja na nafasi zake lina urefu wa nukta 50, hivyo kwa mwendo huo nukta moja huchukua karibu robo sekunde. Ni muda wa kutosha mtu kuhesabu nukta, kuhesabu mistari, kisha kuitafuta herufi kwenye jedwali alilokariri. Anafaulu vizuri tu. Akijaribu maneno 10, hesabu haimwahi tena, na inambidi asahau alichojifunza aanze upya. Mtu wa nyumbani akigonga mlango humhesabii amegonga mara ngapi. Unamjua kwa mdundo wa kugonga kwake, na Morse husikilizwa hivyohivyo. Herufi ifundishwe kwa mwendo wake wa kweli, maneno 18 au 20, kinachorefushwa kiwe nafasi kati ya herufi na herufi.

Halafu kuna radi. Anayeishi Kigoma anajua ninachosema: mawingu yakijikusanya juu ya ziwa, watu hukimbilia ndani. Waya wa antena ya MHz 7 una urefu wa karibu mita 20, na kijana anautundika juu ya mwembe, ncha yake inaingia chumbani anamolala na wadogo zake. Kijana huyo, mtahini amuulize ethi yake, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini, ameizika wapi na antena anaichomoa saa ngapi. Amuulize atafanya nini mtambo wake ukianza kuingilia redio ya jirani. Makosa ya hapo yanaumiza watu. Kushindwa kutofautisha B na D hakujamuumiza mtu yeyote.

Mzee hudhani basi siipendi Morse. Naipenda mno. Sauti ya mtu huhitaji upana wa masafa wa karibu Hz 2,400. Morse hupita kwenye kichujio cha Hz 250, kwa hiyo kelele inayoingia na ujumbe hupungua karibu mara kumi. Ndiyo maana wati 5 za betri iliyochajiwa kwa sola zinaweza kufika Ulaya jioni ambapo sauti ingemezwa na mvumo. Na mtambo wenyewe fundi anaweza kuutengeneza kwa transista chache. Kwa vijana wetu wasio na fedha za mashine kubwa, hilo ni jambo zito kuliko hoja zote za jando.

Kuna jambo moja la lugha yetu pia. E, inayojirudia sana katika Kiingereza, ilipewa nukta moja tu. Kiswahili kimejaa A, nayo ni nukta na mstari, urefu wa nukta tano ukihesabu na pengo la katikati. Kwa hiyo "salama" hukawia hewani kuliko jicho linavyodhani, lakini ile di-da inayorudi kila baada ya konsonanti inalipa neno mdundo, na sikio la Mswahili hulinasa upesi.

Kwangu basi somo la kwanza ni kuchimbia fimbo ya ethi, na kijana anaichimbia mwenyewe. Kisha yanafuata masomo ya umeme, masafa na maombi ya leseni TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania. Morse ni ya jioni, kwa anayetaka, kwa king'ora kidogo kisichorusha chochote hewani. Tunaanza na K na M, da-di-da na da-da, na mzee wa reli ndiye anayegonga. Wiki chache baadaye humgongea kijana KIGOMA nzima bila kumwambia ni nini, kisha anamtazama usoni.