Mchele wa Krayan na uzito wa kilo moja

Kiindonesia kina padi, beras na nasi, kama sisi tulivyo na mpunga, mchele na wali. Nilipoligundua hilo nilifurahi kama mtu aliyekutana na ndugu ugenini. Kazi yangu ni mpunga. Nimeshinda miaka mingi kwenye majaruba, yaani vipande vya shamba la mpunga vyenye kingo za kushika maji, huko Kyela, kusini-magharibi mwa Tanzania, na nimezoea kuwaeleza wageni kwamba kilicho shambani, kilicho kwenye gunia na kilicho kwenye sahani ni vitu vitatu. Krayan sikuhitaji kumweleza mtu.

Krayan iko katikati ya kisiwa cha Borneo, upande wa Indonesia, katika mkoa wa Kalimantan Kaskazini. Ni nyanda za juu, kama mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, bonde baada ya bonde, na pande zote ni milima yenye msitu. Wenyeji wake wengi ni Walundayeh. Njia ya kawaida ya kufika huko ni ndege ndogo kutoka Tarakan, Nunukan au Malinau, zile za kubeba watu kumi na kitu. Kabla ya kupanda unapimwa uzito wewe mwenyewe, kisha begi lako, na yule anayeandika anajumlisha. Uwanja wa Long Bawan, makazi makuu ya Krayan, unaitwa Yuvai Semaring, jina la shujaa wa masimulizi ya Walundayeh.

Naanza na mizani ile kwa sababu ndiyo inayotawala maisha ya Krayan. Sukari, mabati, misumari, dawa za zahanati, vitabu vya shule, petroli ya jenereta: kila kinachoingia kwa ndege kina nauli yake kwa kilo. Na kila kinachotoka vilevile. Mkulima wa Kyela akikamuliwa na dalali kwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, angalau lori lipo na lami ipo hadi Dar es Salaam, karibu kilomita 1,000. Mkulima wa Krayan anaweza kuwa na ghala lililojaa mchele bora kuliko wote kisiwani, na bado nauli ya kuufikisha pwani ikala faida yote.

Mchele wenyewe unaitwa adan. Kuna mweupe, mwekundu na mweusi. Punje zake ni ndogo, ndogo kweli, na wali wake ni laini wenye harufu tulivu. Walundayeh huuponda ukiwa wa moto na kuufunga kwenye majani mapana, wanauita luba laya. Unashika kifungu chako mkononi, unafungua, unakula na mboga au nyama. Ni chakula cha safari, cha shambani na cha wageni. Mimi nilipewa vifungu vitatu asubuhi ya kwanza, na mama aliyenikaribisha alisimama mlangoni mpaka nilipomaliza cha tatu.

Adan hukaa shambani miezi mitano hadi sita. Hupandwa mara moja kwa mwaka. Mtaalamu yeyote wa mpunga akisikia hivyo, mkono unamwasha. Mbegu za kisasa hukomaa kwa miezi mitatu na kitu, na penye maji ya kutosha unavuna mara mbili kwa mwaka. Maji Krayan yapo, yanashuka yenyewe kutoka msituni, hayahitaji pampu. Basi mbona wanalala?

Hawalali. Miezi ambayo majaruba yanaonekana matupu, yana kazi. Baada ya kuvuna, nyati-maji huachiwa humo ndani. Nasema nyati-maji yule wa kufugwa wa Asia, mpole, anayependa tope kuliko kitu kingine chochote, si mbogo wetu wa porini. Wanakula mabua na magugu, wanaacha samadi, wanagaragara na kukanyaga. Kwato zao zinazika magugu kabla hayajatoa mbegu. Zinachanganya mabua na udongo yaoze polepole, na virutubisho vilivyochukuliwa na mpunga vinarudi pale pale vilipotoka. Uzito wao unagandamiza tabaka la chini la udongo, kwa hiyo maji hayanywei hovyo na jaruba linashika maji msimu mzima. Samaki hukaa humo pia. Msimu unaofuata unapoanza, shamba limeshatiwa mbolea, limeshapaliliwa na limeshavurugwa, na hakuna aliyelipia hata gunia moja la mbolea ya kiwandani.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wenzangu wa fani hawapendi kulisikia. Ukipanda mara mbili kwa mwaka, nyati hana mahali pa kukaa. Akiondoka, itabidi ununue mbolea na dawa ya magugu, na mbolea hiyo itapimwa kwenye mizani ya uwanjani. Utakuwa umempa mkulima mavuno makubwa zaidi ya mchele wa kawaida, mchele ambao tambarare za Java na Sulawesi zinautoa kwa bei ambayo yeye hawezi kuifikia hata siku moja. Kwenye kilele cha mlima usio na barabara, mavuno kwa hekta si hesabu ya kwanza. Hesabu ya kwanza ni thamani ya kila kilo inayovuka mlima. Nilichukua muda kulielewa hilo, na ningependa kijana anayeanza kazi ya ugani leo alielewe mapema kuliko mimi.

(Wasomaji wa mwambao watanivumilia kidogo. Lugha ya watu wa Bukini, yaani Madagaska, chimbuko lake ni Borneo, na ndugu yake wa karibu zaidi ni lugha ya Wamaanyan wa kusini-mashariki mwa kisiwa hicho. Na Bukini hadi leo wapo wakulima wanaovuruga majaruba kwa kuwazungusha ng'ombe ndani ya tope kabla ya kupandikiza. Siwezi kudai kwamba ufundi ule ulivuka bahari ndani ya mitumbwi ileile, ila kila nikiona kwato ndani ya tope nawaza safari ile.)

Tuje kwenye jina. Mwaka 2012 mchele wa adan wa Krayan ulipata cheti cha kiashiria cha kijiografia nchini Indonesia. Maana yake ni kwamba kisheria jina lile ni la mchele wa mbegu zile, uliolimwa mahali pale, kwa namna ile. Ni ulinzi mzuri, lakini unaishia mpakani, na mpaka ndipo penye soko. Ng'ambo ya Long Midang, kijiji cha mwisho, kuna Ba'kelalan ya Sarawak, Malaysia, na wakazi wake Walun Bawang ni ndugu wa damu wa Walundayeh. Kutoka Ba'kelalan kuna njia ya gari hadi Lawas, mji wa karibu na pwani, njia iliyoanza kama barabara ya wakata magogo. Kwa hiyo mchele wa Krayan unakwenda mpakani, unauzwa kwa ringgit, fedha ya Malaysia, na sehemu yake kubwa ikishafika kwenye masoko ya Sarawak inajulikana kama mchele wa Bario. Bario ni eneo la Wakelabit huko huko nyanda za juu, upande wa Malaysia. Nao wana mchele wao mzuri wa aina ileile ya adan, na sina neno nao hata kidogo. Lakini aliyeinama miezi sita kwenye jaruba la Krayan hapati chochote kutokana na sifa ya jina lililoandikwa kwenye mfuko.

Mtu wa Kyela hahitaji kufafanuliwa hili. Nimeona Dar es Salaam magunia yameandikwa Kyela ambayo mchele wake haujawahi kuliona Ziwa Nyasa. Tofauti ni kwamba Kyela jina huibwa na kuvishwa mchele wa watu wengine, na Krayan mchele huvuliwa jina lake na kuvishwa la jirani. Mkulima anaumia pande zote mbili.

Mpaka huohuo wa Malaysia ndio unaowalisha watu wa Krayan. Sukari, mafuta ya kupikia, gesi, petroli, saruji: kwa miaka mingi vimetoka Malaysia, kwa sababu rahisi tu kwamba gari linafika. Machi 2020 Malaysia ilipofunga mipaka yake kwa ajili ya korona, Krayan ilibanwa. Bidhaa ziliadimika, bei zikapaa, na mchele ukakosa mnunuzi kwa wakati mmoja. Serikali ya Indonesia inalipa ruzuku ya nauli za abiria na ya usafirishaji wa bidhaa, na tangu sera ya bei moja ya mafuta ilipoanza mwaka 2017 kuna ndege zinazobeba mafuta tu kwenda huko. Ni msaada wa kweli. Lakini mawingu yakikaa bondeni siku tatu, ruzuku haina mbawa.

Kitu kimoja wanacho ambacho wengi wa nyanda za juu hawana: chumvi. Ipo chemchemi ya maji ya chumvi pale Long Midang. Maji yanachotwa kisimani, yanachemshwa kwenye karai kubwa juu ya moto wa kuni hadi zibaki chembe nyeupe, kisha chumvi inafungwa. Zamani ilikuwa kama fedha yao ya kubadilishana na majirani. Leo inauzwa kama zawadi ya wasafiri na inapendwa na wapishi wa mijini. Wasiwasi wangu ni kuni, maana moto ule hula magogo mengi, na soko likikua msitu wa karibu ndio utakaolipa.

Sasa vijana. Shule ya msingi ipo, sekondari ipo, lakini chuo kiko pwani au mbali zaidi, na anayekwenda kusoma huko mara nyingi anapata kazi huko huko. Sioni sababu ya kuwalaumu. Kupandikiza kunahitaji watu wengi kwa siku chache, na zamani familia zilisaidiana kwa zamu, leo shamba lako, kesho langu. Watu wakipungua zamu inakatika. Ndipo pawatila inapoingia, inalima kwa siku moja eneo ambalo watu wangelihangaikia wiki nzima, na mwenye nyati anaanza kuona afadhali awauze Sarawak, ambako nyati wa Krayan wana soko la siku nyingi. Simlaumu wala huyo. Ila nyati wakishauzwa, samadi imeuzwa, palizi imeuzwa, na miaka michache baadaye ataniuliza mbona magugu yamezidi.

Upande wa uongozi kuna jambo linalovutia. Miongo kadhaa iliyopita vijiji vingi vidogo vya Krayan vilihamishiwa pamoja kwenye maeneo machache, lakini kila kimoja kikabaki na jina lake na mwenyekiti wake. Ndiyo maana utakuta makazi moja ambayo kwa macho ni kijiji kimoja, na kwa karatasi ni vijiji kadhaa. Sheria ya Vijiji ya mwaka 2014 ilipoanza kupeleka fedha moja kwa moja kwa kila kijiji, ugawaji huo wa karatasi ukawa na faida isiyotarajiwa. Pamoja na hayo wazee wanataka Krayan iwe wilaya inayojitegemea, kwa sababu makao makuu ya wilaya yao ya sasa, Nunukan, yako kisiwani, baharini, na mwananchi anayefuata saini inabidi apande ndege. Nakubaliana nao kabisa. Lakini tangu mwaka 2014 serikali kuu imesitisha uanzishaji wa wilaya mpya, na ombi lao bado linasubiri.

Wote wanasubiri barabara. Ile ya kutoka Malinau imefunguliwa kwa sehemu kubwa, ila ni udongo mtupu kwa masafa marefu, na mvua ya Borneo haina msimu wa kuaminika. Hata ndani ya Krayan kwenyewe, kutoka Long Bawan hadi Long Layu upande wa kusini, magari hukwama kwenye matope hadi mhimilini. Barabara ya Malinau inapita katika Hifadhi ya Taifa ya Kayan Mentarang, yenye zaidi ya hekta milioni 1.2 za msitu, ambayo ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1996. Wapo wanaharakati wa mazingira ambao wangefurahi isingejengwa kabisa. Siungani nao. Mama mjamzito anayesubiri mawingu yapungue ili ndege itue ana haki ya barabara. Lakini pembezoni mwa Borneo tumeshaona yaliyofuata barabara nyingine: kwanza magogo, kisha michikichi. Maji ya adan yanatoka kwenye msitu uleule. Ukikatwa, hata nyati elfu hawataurudisha mkondo.

Kama ningeulizwa wapi pa kuweka fedha leo, nisingezipeleka kwenye mbegu mpya. Ningejenga kinu kizuri cha kukoboa pale Long Bawan, maana punje ndogo zikikobolewa kwenye mashine mbovu huvunjika na kuwa chenga, na chenga haina jina. Ningeweka mizani inayoaminika, mashine ya kufungasha, mifuko ya kilo moja yenye jina la Krayan na alama ya cheti chao, na mtu wa kudumu wa kushughulikia usajili wa jina hilo upande wa Malaysia. Lami ikifika, mchele uikute ukiwa umeshafungashwa. Kwa sasa magunia mengi bado yanavuka Long Midang yakiwa wazi, hayajaandikwa kitu.