Mickey, Mario na Sonic: nani kachorwa vizuri zaidi?

Mi kazi yangu ni kuchora wahusika wa katuni hapa Dar, matangazo na vitabu vya watoto, na vijana wanaoanza lazima waniulize kati ya Mickey, Mario na Sonic nani mkali. Mi nawaambia mpake mwili mzima rangi nyeusi abaki kivuli tu, halafu uone kama bado unamjua.

Hapo Mickey anawaacha wote. Katoka 1928, aliyemchora hasa ni Ub Iwerks akiwa kwa Walt Disney, na ukimtazama kichwani ni miduara mitatu basi. Halafu kuna kitu wengi hawakioni, akigeuka upande masikio yanabaki duara vilevile, yanahama tu juu ya kichwa, kwa panya wa kweli haiwezekani kabisa lakini jicho linakubali, mi hii kitu bado inanishangaza mpaka leo. Glavu nyeupe zilikuja 1929, maana filamu zilikuwa hazina rangi na mkono mweusi ukipita mbele ya mwili mweusi unapotea.

Sasa njoo kwa Mario, 1981, gemu ya Donkey Kong. Shigeru Miyamoto wa Nintendo alikuwa na pikseli (vile vidoti vinavyounda picha kwenye skrini) chache mno za kuchezea, kwa hiyo kofia ni ili asihangaike na nywele, masharubu ili pua ionekane bila kuchora mdomo, na ovaroli ili mikono ionekane ikicheza akikimbia. Yaani ovaroli na zile glavu za Mickey zinatibu ugonjwa mmoja, mkono kupotea kwenye mwili, na hawa watu wamepishana zaidi ya miaka 50!



Sonic wa Sega, kampuni nyingine ya gemu, 1991, kachorwa na Naoto Ohshima, bluu yake ni ya nembo ya kampuni. Huyu kalunguyeye kachorewa mbio, miiba imelala nyuma hata akisimama unaona anakimbia. Ila ni upande tu. Mbele anasumbua, miiba inajificha na yale macho yameungana kuwa moja lenye mboni mbili, ndo maana kwenye kuta za chekechea huku mtaani Mickey unamjua hata fundi akikosea vipimo, ila Sonic wa mbele mpaka uulize. Wanaojifunza kwangu wote naanza nao Sonic wa upande, wa mbele baadae sana.